Brashi Isiyooshwa

"Mwizi! Mwizi mkubwa! Nimemfungulia mlango kwa mkono wangu mwenyewe!"

Sauti iliwafikia kabla hawajafika getini. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyeanza kupiga kelele tangu jana na hajaona sababu ya kupumzika. Mtaa mzima ulishatoka nje kusikiliza. Wengine walijifanya wanafagia.

"Afande, kesi imekwisha hii," Koplo alisema huku akihema. "Bangili za dhahabu hazipo. Fundi rangi hayupo. Moja jumlisha moja."

"Hesabu zako hizo ndizo zilizokuacha ukoplo mpaka unastaafu," Inspekta alimjibu bila kugeuka.

Koplo akacheka. Alikuwa mtu mzima, magoti mabovu, mdomo mzima, na hakuna aliyeweza kufanya kazi na Inspekta huyu muda mrefu kama yeye. Kituoni Inspekta haitwi kwa jina. Anaitwa Luba, kama yule mdudu wa majini anayeng'ang'ania ngozi na kunyonya damu. Wakubwa humwita hivyo akiwa hayupo, wadogo humwita hivyo wakidhani hasikii, na mwenyewe anajua na wala hakereki. Akishakamata jambo habanduki, umvute usimvute. Mwanamke mfupi, viatu bapa, macho hayatulii. Asubuhi hiyo alikuwa na furaha ya ajabu, kwa sababu kesi iliyokwisha kabla haijaanza ndiyo anayoipenda kuliko zote.

Mwenye nyumba alikuwa barazani, kitambaa cha kichwa kimemwendea upande. Mtaani wanamwita Mama Harusi, maana tangu mwanawe achumbie hana hadithi nyingine. Nyumba yenyewe ilikuwa nusu mpya, nusu kuukuu. Ukuta wa mbele ulishapakwa rangi ya maziwa na unang'aa, wa ubavuni umekwanguliwa tu, na ngazi imeegemea chini ya dirisha kana kwamba mwenyewe ameenda kunywa maji.

"Nani alikuletea fundi huyu?" Luba aliuliza, alipomaliza simu ya mkuu wake getini.

"Nilimtafuta mwenyewe! Nilitaka fundi wa hapa hapa mtaani, nikigombana naye nijue kwake ni wapi. Walikuja wengi, mwanangu. Mmoja hata kuta hakuzitazama, alitazama televisheni. Mwingine akaniambia atapaka ndani na nje kwa siku moja. Nikamwambia, baba, mimi nataka nyumba ipakwe rangi, sitaki inyeshewe! Huyu alipokuja hakusema neno. Alizunguka nje, akapapasa ukuta, akakwaruza kwa ukucha, akagonga penye unyevu. Ndani akapanda kiti akatazama dari. Ndipo akasema, 'Nje pakwanguliwe kwanza, mama. Ndani tuanze na chumba cha bibi harusi, kipate kukauka vizuri.' Basi. Nikampenda kwa ule ukimya wake. Kumbe ukimya wenyewe ndio wa wizi!"

"Na bangili?"

Hapo Mama Harusi alishusha sauti kwa mara ya kwanza. "Za mama mkwe wangu. Alinivisha yeye mwenyewe siku niliyoingia nyumba hii. Nami Jumamosi nimvishe mke wa mwanangu. Nilizifunga kwenye kitambaa, nikazificha nyuma ya droo ya chini ya kabati, chumba cha bibi harusi."

"Ukaziacha humo na fundi yumo?"

"Nilisahau! Mimi nina pumu. Jana asubuhi harufu ya rangi ilinikaba, wakanitoa hapa mbio kwenda kwa dada yangu. Nalala huko mpaka rangi ikauke. Jana jioni ndipo nikakumbuka, nikaja. Mlango wa mbele uko wazi, ufunguo niliompa fundi unaning'inia kwenye kitasa. Redio yake inanguruma sebuleni, mtu hakuna. Nikaizima. Nikaita, kimya. Nikaingia chumbani: droo imevutwa, bangili hakuna! Nikapiga yowe, Shemeji akaja mbio kutoka uani. Nikafunga nyumba, funguo zote mbili nikaondoka nazo, nikalala nazo shingoni. Leo mapema nimekufungulieni."

"Tangu jana jioni hakuna aliyeingia?"

"Aingie na nini? Funguo hizi hapa, na mlango wa nyuma una komeo la ndani!"

Koplo alishaandika vya kutosha. "Nimezunguka vyumba vyote, afande, wakati wewe unaongea na mkuu kwenye simu. Hakuna mtu, hakuna bangili. Niwaambie vijana waende stendi ya mabasi?"

"Waende," Luba alisema. "Lakini wewe baki. Stendi haihitaji magoti yako."

Alizunguka nyumba kwa nje, mikono nyuma. Ubavuni, chini ya dirisha lenye nondo, palikuwa na kopo la rangi ya mafuta, kijani kibichi cha majani machanga. Kopo halikufunikwa. Rangi ilishafanya utando juu kama wa maziwa yaliyopoa. Juu ya mdomo wa kopo ililala brashi. Nondo za dirisha zilikuwa zimepakwa zote isipokuwa moja, na hiyo imepakwa nusu.

Luba aliinua brashi, akaibonyeza kwa kidole. Ilikuwa ngumu kama mswaki wa mwaka juzi.

"Koplo. Wewe ukiamua kutoroka na dhahabu, utaanza kwa kupaka nondo nusu?"

"Mimi nikitoroka na dhahabu sipaki kitu kabisa."

"Ndiyo hivyo. Mtu huyu hakuwa anatoroka. Aliweka brashi juu ya kopo kwa sababu alikuwa anarudi."

"Labda aliitwa na shetani," Koplo alisema.

"Labda aliitwa. Shetani au mwingine."

Shemeji alikuwa uani, mbele ya chumba chake cha nje, kilichoshikana na ukuta wa nyumba. Ni mdogo wa marehemu mume wa Mama Harusi, mwanamume mrefu, mpole wa kuonekana, amevaa shati jeupe limepigwa pasi. Luba alimnyooshea mkono. Akampa wa kushoto.

"Samahani afande. Wa kulia nimeumia."

Wa kulia ulikuwa mfukoni. Koplo aliguna kwa tabia hiyo, lakini Luba alitabasamu tu na kukalia ndoo iliyogeuzwa.

"Ulimwona fundi akiondoka?"

"Nilimwona kwa macho yangu. Mchana. Alitoka getini mbio, ana mfuko begani. Nikamwita, hakugeuka."

"Alivaa nini?"

"Shati la bluu. Lile analokuja nalo kila siku."

"Una uhakika?"

"Bluu, afande. Lina kiraka kwenye kiwiko." Akaongeza bila kuulizwa, "Mimi nilimwambia shemeji yangu tangu mwanzo achukue fundi ninayemjua mimi, rafiki yangu, mtu wa kuaminika. Hakunisikia. Nenda hata kamuulize rafiki yangu, atakwambia huyu bwana alivyo. Kazi zake zote anachukua kwa ujanja."

Koplo alichangamka. Fundi mwenye chuki na fundi mwenzake! Hiyo ilikuwa na ladha. Aliandika kwa herufi kubwa, na Luba akamwacha aandike.

"Jana usiku ulilala hapa?"

"Nililala kama gogo."

"Hukusikia chochote?"

"Chochote kama nini?" Shemeji aliuliza haraka mno.

Kabla Luba hajajibu, kulizuka purukushani getini. Mama Harusi alikuwa ameziba njia kwa mwili wake wote, na mbele yake alisimama mwanamke kijana, mjamzito, kifurushi cha chakula mkononi.

"Umekuja kuchukua mgao wako, siyo? Mume kaiba, mke kaja kukagua!"

"Mama, shikamoo," yule mwanamke alisema. "Mimi nimemletea mume wangu chakula. Jana hakurudi nyumbani. Nikadhani labda kazi ni ya haraka, amelala hapa hapa."

"Amelala na bangili zangu!"

"Mama Harusi, pumzisha koo," Luba alisema, akamshika yule mwanamke mkono na kumpitisha. "Njoo, mdogo wangu. Hajawahi kulala nje?"

"Hajawahi. Hata akichelewa hutuma mtu." Alikuwa akitazama huku na huko, na macho yake yakaangukia lile kopo chini ya dirisha. Akasimama. Akaweka kifurushi chini, akaiokota brashi, akaigeuza mkononi. Rangi ikamtoka usoni.

"Nani ameiacha hivi?"

"Nakuuliza wewe."

"Dada, mume wangu halali bila kuosha brashi. Siku aliyopata malaria, anatetemeka meno, aliziosha kwanza. Mimi humtania kwamba angezioa hizo. Hii ameitumia jana, na imekauka." Alimshika Luba mikono yote miwili. "Kimempata nini? Niambie tu. Kimempata nini?"

Koplo alikohoa, akatazama viatu vyake. Ile furaha ya Luba ya asubuhi iligeuka kitu kingine, cha kasi zaidi. Aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mafundi hubadilishia nguo jikoni au chooni, na chooni alishapita. Nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye msumari, ilining'inia suruali safi. Chini yake viatu, soksi zimekunjwa ndani. Na juu ya suruali, shati.

Alitoka nalo uani akilishika kwa ncha za vidole. Bluu. Kiraka kwenye kiwiko.

"Ni lake?"

"Ni lake," mke wa fundi alisema kwa sauti ndogo. "Kiraka nilishona mimi."

Shemeji alilitazama lile shati kwa muda mrefu kuliko shati linavyostahili. "Basi... labda alikuwa na mengine mawili," alisema.

"Labda," Luba alisema kwa upole. "Na viatu pia ana jozi nyingine ya kukimbilia. Koplo, kaa karibu na shemeji yetu. Mpigishe hadithi."

Koplo alimwelewa. Alijisogeza akakaa kati ya Shemeji na geti, akaanza kumweleza habari za magoti yake, na hiyo si hadithi fupi.

Luba alikuwa akielekea ndani alipoitwa kutoka juu ya ukuta wa jirani. Kichwa cha mzee kilikuwa kimechomoza, miwani imekaa kwenye paji la uso. Huyu wanamwita Mzee Kelele. Yeye hapigi kelele hata kidogo, ila hakuna kelele mtaani isiyomfikia, na hakuna inayomfikia akanyamaza.

"Wewe ndiye polisi? Andika na langu. Mimi ni mtu mzima, nahitaji usingizi. Nyumba hiyo imenitesa! Jana mchana redio imefunguliwa mpaka mwisho, na bado wanagonga. Du, du, du! Nikatafuna vidonge vya kichwa. Leo alfajiri wameanza tena!"

"Mzee, shikamoo. Tuna kesi ya wizi hapa, la kelele tutalishughulikia."

"Marahaba. Mnasema hivyo hivyo kila siku," Mzee Kelele alisema, kichwa kikazama.

Luba aliingia ndani. Nyumba ilinuka rangi mpaka macho yanawasha. Alipita sebuleni, akasimama, akatazama. Fundi alikuwa mtu wa utaratibu, hilo lilijionyesha lenyewe. Makochi yote yamesogezwa katikati ya chumba na kufunikwa plastiki, mbali na kuta. Chini, kando ya mlango, kipande cha gazeti, na juu yake vishikio vya mlango ule, kimoja cha ndani na kimoja cha nje, skrubu zao zimefungwa kwenye kitambaa, na kile chuma cha pembe nne kinachoviunganisha. Alivifungua ili apake mlango bila kuvichafua. Kitasa chenyewe alikiacha ndani ya ubao. Chumba cha kulala cha kwanza, vivyo hivyo: kitanda katikati, plastiki juu, gazeti, jozi ya vishikio. Chumba cha pili, vivyo hivyo.

Chumba cha bibi harusi kilikuwa mwisho wa ujia. Kuta zake zilipakwa rangi ya maji, kijani kilekile cha majani machanga, na bado zilikuwa na ubaridi wa unyevunyevu. Kitanda kilikuwa katikati chini ya plastiki. Droo ya chini ya kabati ilikuwa imevutwa, kama Mama Harusi alivyosema. Luba alipiga magoti, akamulika nyuma ya droo kwa simu. Vumbi tupu.

Akiwa pale chini, jicho likaangukia gazeti kando ya mlango.

Jozi mbili.

Akazitazama vizuri. Jozi mbili za vishikio, kila moja na kitambaa chake cha skrubu, kila moja na chuma chake. Akageuka akatazama mlango alioingilia. Chumba kina mlango mmoja. Vishikio vya mlango wa pili vinafanya nini hapa?

Akainuka taratibu. Na sasa akaona kile ambacho yeye, Luba mzima, alikipita akiingia. Kila kitu katika nyumba hii kimesogezwa katikati, mbali na kuta. Kabati hili peke yake limeegemea ukuta. Ukuta mbichi. Rangi ilikuwa imebanduka pale kona ya kabati ilipokwaruza, mchubuko mrefu, mbaya. Fundi anayekunja soksi zake ndani ya viatu asukumize kabati kwenye ukuta aliotoka kuupaka? Akainama. Chini ya miguu ya kabati palikuwa na matambara, yale fundi aliyotia ili kabati liteleze kwa urahisi bila kuchimba sakafu. Hata mtu mmoja angeweza kulisukuma.

Du, du, du.

Hakuyasikia. Aliyakumbuka. Leo alfajiri wameanza tena. Nani ameanza? Nyumba ilifungwa. Funguo zililala shingoni kwa Mama Harusi, nyumbani kwa dada yake. Na tena, tangu lini kupaka rangi kukawa na kelele? Brashi haigongi! Rola haigongi!

"KOPLO!"

Alipiga kelele kiasi kwamba Mzee Kelele mwenyewe alichomoza tena. "Koplo, njoo! Mlete na mwenzako huyo, mshike mkono! Mama Harusi! Nyuma ya kabati hili kuna nini?"

Mama Harusi alikuja akikimbia, mdomo kaufunika kwa kitambaa. "Nyuma ya... stoo. Stoo ya masanduku. Haina hata dirisha. Kwani kabati limefikaje hapo? Linakaa upande ule!"

"Imepakwa rangi hiyo stoo?"

"Jana asubuhi. Rangi ya mafuta, nilitaka iwe rahisi kufuta..." Mkono ukashuka kutoka mdomoni. "Mungu wangu."

Luba alishaweka bega kwenye kabati. Mke wa fundi akaweka la kwake upande wa pili.

"Wewe acha, na tumbo hilo!"

"Sitaacha!"

Kabati likateleza juu ya matambara, rangi ikichubuka kwa sauti ya karatasi inayopasuka. Nyuma yake mlango wa kijani, umefungwa, hauna kishikio. Palipokuwa na kishikio palikuwa na tundu la pembe nne tu. Kutoka kwenye mwanya wa chini ilitoka harufu kali ya rangi, na hakuna sauti yoyote.

"Mume wangu!" Mke wa fundi alipiga mlango kwa viganja. "Mimi hapa! Ni mimi!"

Kimya.

Luba alichomoa kile chuma kutoka gazetini, akakitumbukiza tunduni, kikateleza, akakitia tena. Akasokota. Ulimi wa kitasa ukarudi nyuma na mlango ukafunguka kidogo, ukakwama. Kitu kizito kilikuwa chini yake.

"Taratibu! Yuko chini! Sukumeni taratibu!"

Alikuwa amelala kifudifudi, pua na mdomo vimebanwa kwenye ule mwanya wa chini ya mlango, palipopita hewa. Mkononi alishika ubao wa rafu alioung'oa ukutani, na ncha yake ilikuwa imepondeka kwa kugonga. Koplo, magoti mabovu na yote, ndiye aliyemwinua. Alimbeba mpaka barazani kama mtoto, akamlaza, akamfungua vifungo vya ovaroli, na Luba akapiga simu hospitali huku amemwekea fundi vidole shingoni.

"Unapiga," alisema. "Mshipa unapiga! Yuko hai!"

Mke wa fundi alikaa chini palepale, akalia kwa sauti bila kuona haya. Mzee Kelele aliteremsha ndoo ya maji kwa kamba juu ya ukuta, hakuna aliyemwomba.

Fundi alikohoa. Akakohoa tena, akatapika kidogo, akafumbua macho mekundu. Mkono wake ulipapasa mfuko wa kifuani, na kabla haujafika Mama Harusi alishaona ncha ya kitambaa. Alikichomoa. Kilifunguka, bangili zikamwangukia mapajani, manjano, nzito.

"Si nilisema!" Shemeji alibwata. "Si nilisema! Ni mwizi, na ninyi mnamwonea huruma! Anazo mfukoni mwake!"

Luba aliinuka. Haraka aliyokuwa nayo tangu asubuhi ilikuwa imekwisha, na sasa alikwenda polepole kabisa. "Ndiyo, anazo. Mwizi kaiba, akaingia stoo, akajifungia kwa nje, akatoka kupitia mwanya wa chini, akasukuma kabati, akarudi ndani kwa mwanya uleule. Unamwona alivyo mwembamba?" Akanyoosha kiganja. "Nipe mkono wa kulia."

"Nimekuambia umeumia."

"Koplo ana huruma sana na wagonjwa. Koplo?"

Koplo aliutoa ule mkono mfukoni. Haukuwa na jeraha hata la mwiba. Ulikuwa umesuguliwa mpaka ngozi ikawa nyekundu na unanuka mafuta ya taa, lakini kuzunguka kila ukucha kulibaki mstari mwembamba wa kijani, kijani cha majani machanga. Kijani hicho kilipakwa mlango wa stoo na nondo za dirisha, na Shemeji hakuwa na kazi na mojawapo.

"Uliuvuta mlango ukiwa mbichi," Luba alisema.

Fundi alijaribu kuongea. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Niliposogeza kabati... zilidondoka. Nikaziweka rafuni stoo, nimpe mama jioni. Huyu akaja dirishani, akaniita ndani. Akaniuliza ziko wapi. Nikaingia stoo, nikazichukua, nikatia mfukoni. Nikamwambia nitampa mwenyewe mkononi. Akafunga mlango. Akasema..." Kikohozi kikamshika.

"Alisema nini?"

"Akasema, nipe nikufungulie. Nikamwambia sikupi. Akaenda kufungua redio. Nikagonga mpaka nikazirai, hata mama alipokuja jioni sikumsikia."

Mama Harusi alimgeukia shemeji yake. "Umekaa naye. Usiku kucha umekaa naye ukuta kwa ukuta!"

"Zile ni za mama yangu!" Shemeji alilipuka, na machozi yakamtoka ghafla, ya hasira. "Mama yangu mimi! Nina binti, ana damu yake, lakini zinakwenda kwa mtoto wa watu aliyekuja jana! Hakuna aliyeniuliza! Nilitaka kumfungulia, wallahi nilitaka. Nilifikiri atachoka, atazipitisha chini ya mlango. Halafu wewe ukaja, ukafunga nyumba, ukaondoka na funguo. Ningesema nini?"

"Ungesema yuko ndani," Koplo alisema. "Neno fupi hilo." Akamfunga pingu, na safari hii hakutania.

Gari la hospitali lilikuwa njiani. Fundi alilazwa begani kwa mmoja wa wale vijana wa polisi, aliyerudi kutoka stendi mikono mitupu, akapewa maji kidogo kidogo. Alikuwa akimtafuta mkewe kwa macho, na alipompata akasema kitu ambacho Luba alilazimika kuinama ili asikie.

"Brashi."

"Nimeiona," mkewe alisema. "Tulia. Naiosha."

Na kweli aliinuka akaenda. Alitafuta chupa ya thina ya kuyeyushia rangi kwenye vitu vya mumewe, akachutama na tumbo lake karibu na bomba la uani, akaanza kuisugua ile brashi iliyokuwa ngumu, unywele kwa unywele.

Mama Harusi alimfuata. Alisimama nyuma yake, bangili mkononi, hajui pa kuziweka. 

"Mwanangu," alisema hatimaye. "Chukua moja. Nakuomba. Chukua hata moja."

Mke wa fundi hakuinua kichwa. "Sitaki bangili, mama. Za mkweo hizo."

"Basi niambie unataka nini. Chochote."

Brashi ilizama kwenye thina, ikatoka, kijani kikaanza kuachia.

"Jana na leo umesema mwizi," mke wa fundi alisema. "Mtaa mzima umesikia. Sisi tunaishi mtaa huu, mama, na mtoto huyu atazaliwa mtaa huu. Nataka useme tena. Kwa sauti ileile."

Mama Harusi akazivaa bangili mwenyewe ili mikono iwe huru, akaenda mpaka getini, akalifungua lote. Nje watu walikuwa wamejaa, mifagio mikononi. Akavuta pumzi kwa kile kifua chake kibovu.

"Si mwizi!" alipiga kelele. "Mnanisikia? Mimi ndiye niliyemwita mwizi, na nimemsingizia! Alifungiwa stoo akilinda mali yangu! Fundi wangu si mwizi!"

Sauti ilimkatika, akakohoa, akaanza upya. Barazani fundi alifumba macho, akasikiliza.